Fundi wa fotokopi anaporudi kazini: Mashine ni zile zile, hitilafu zimehama

FUNDI wa mashine za kunakili aliyeweka bisibisi chini miaka kadhaa iliyopita, na ambaye sasa anataka kuirudia amali yake mtaani Bondeni, kisiwani Mombasa, hatapata taabu kuitambua mashine akiifungua mlango wa mbele. Dramu ingali pale, rola zingali pale, na tona ingali ikichafua mikono. Kitakachomshangaza ni kwamba hitilafu nyingi anazoitiwa siku hizi haziko ndani ya mashine hata kidogo.

Bondeni ni mahali panapoifaa kazi hii. Mtaa huu wa eneobunge la Mvita umepakana na Majengo na Mji wa Kale, na kutoka hapo hadi Barabara ya Digo ni mwendo wa miguu tu. Mbele kidogo ziko ofisi za mawakili, benki, mawakala wa forodha na idara za serikali zilizotapakaa kuanzia Barabara ya Moi hadi Nkrumah na Treasury Square. Fundi mwenye mkoba mmoja wa vifaa aweza kuwahudumia wateja kadhaa kwa siku pasipo kupanda matatu.

Wengi waliiacha kazi hii mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha ugonjwa wa Covid-19 kilitangazwa nchini Machi mwaka huo, na kuanzia Aprili 8 hadi Julai 7 usafiri wa kuingia na kutoka Mombasa ulipigwa marufuku. Mji wa Kale ulifungwa peke yake kuanzia Mei 6 hadi mapema Juni. Ofisi zilipofungwa, mashine zilizimwa, na mashine iliyozimwa haimlipi fundi. Wapo waliogeukia bodaboda, wapo waliouza mitumba, na wapo waliovuka bahari kutafuta ajira katika nchi za Ghuba. Akina mama waliokuwa katika ufundi huu nao walibaki nyumbani kulea, na kurudi kwao kuna uzito zaidi kwa kuwa wateja wengi hawajazoea kumwona mwanamke akiifungua mashine.

Habari njema kwa anayerudi ni kwamba kanuni yenyewe haijabadilika tangu Chester Carlson, wakili wa hataza huko New York, alipofaulu kunakili maandishi kwa njia kavu mnamo Oktoba 22, 1938. Mashine ya kwanza ya ofisi iliyovuma kwa kanuni hiyo, Xerox 914, ilitangazwa mwaka wa 1959. Hadi leo dramu hupewa chaji ya umeme tuli gizani, mwanga hubadilisha chaji hiyo kulingana na maandishi, tona ambayo ni wino wa unga hunata panapostahili, kisha karatasi huuvuta unga huo na kupita katika fyuza, sehemu yenye joto ambalo kwa kawaida hukaribia nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Humo ndimo unga unapoyeyuka na kushikamana na karatasi.

Tofauti ni mwanga huo unakotoka. Katika mashine za zamani taa na vioo vilimulika ukurasa moja kwa moja hadi kwenye dramu. Katika mashine za leo ukurasa husomwa kwanza na kihisi, hugeuzwa kuwa data kama picha ya simu, halafu leza huichora picha hiyo juu ya dramu. Fundi aliyezoea kusafisha vioo kila nakala inapofifia sharti ajue kwamba uchafu wa kihisi huacha mstari kwenye nakala lakini hauonekani kwenye kazi iliyotumwa kutoka kwa kompyuta. Jaribio hilo la dakika moja, yaani kunakili ukurasa kisha kuchapisha mwingine kutoka kwa kompyuta, humwambia kama ashughulikie sehemu ya juu ya mashine au ya chini. Anayelipuuza hubadilisha dramu isiyo na kosa, na gharama yake humrudia mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo fundi wa Pwani analijua na ambalo kitabu cha mtengenezaji hakilisisitizi vya kutosha. Nalo ni unyevu. Hewa ya Mombasa mara nyingi huwa na unyevu unaozidi asilimia 70, na Mei, kilele cha masika, ndipo mambo huharibika zaidi. Karatasi hunywa maji hayo kimyakimya. Rimu iliyoachwa wazi usiku kucha katika chumba cha chini, chenye kuta za matumbawe zisizokauka, hujikunja inapopita kwenye fyuza, hukwama, na wakati mwingine hutoa nakala zenye madoa meupe kwa kuwa karatasi yenye maji haishiki chaji sawasawa. Mteja hulalamika kwamba mashine imekufa. Fundi mzoefu hufungua rimu mpya, huigeuza upande, hujaribu tena, na mashine hufanya kazi. Upepo wa bahari nao huleta chumvi, ambayo hula skrubu, springi na viunganishi vya umeme. Maarifa haya hayazeeki, na aliyekaa nje miaka mitano anayo bado.

Asichokuwa nacho ni mtandao. Ofisi ya leo huitumia mashine hiyo kuchapisha, kuskani na kutuma nyaraka kwa baruapepe, na huko ndiko simu nyingi za dharura zinakotoka. Tangu mwishoni mwa 2017, Microsoft iliacha kuweka itifaki ya zamani ya SMB1 katika usakinishaji mpya wa Windows 10. Mashine kongwe zisizojua itifaki nyingine zikashindwa kupeleka skani kwenye folda za kompyuta. Mei 2022, Google ilifunga njia ambayo kwayo vifaa vya kale viliingia katika akaunti za kawaida za Gmail kwa jina na neno la siri tu. Ofisi zilizokuwa zikituma skani kwa njia hiyo zikaamka asubuhi moja na kukuta hazitumi tena. Hakuna rola iliyochakaa, hakuna waya uliokatika. Fundi ambaye hajui anwani ya IP ni nini, au namna ya kuunda neno la siri la pekee kwa ajili ya mashine, ataivua na kuivisha kutwa nzima asione kitu.

Kwa hiyo mkoba wa vifaa umebadilika. Mita ya umeme na bisibisi zibaki, ila ziongezwe kipakatalishi na kebo ya mtandao. Anayeanza upya afahamu pia namba za hitilafu: kwa Canon, E000 huashiria tatizo la joto la fyuza, nazo Ricoh hutanguliza herufi SC. Namba za aina hiyo za fyuza mara nyingi huifunga mashine hadi fundi aifute kwa menyu ya huduma, na kuna sababu. Anayeifuta bila kukagua kihisi cha joto anacheza na moto, kwa maana halisi ya neno hilo.

Je, kazi yenyewe ingalipo? Swali hili si la bure. Mfumo wa dirisha moja wa KenTrade, uliozinduliwa 2014, uliwapunguzia mawakala wa bandari mafungu ya karatasi. Huduma zaidi ya 5,000 za serikali ziliingizwa katika eCitizen mnamo 2023, na Machi 2024 Idara ya Mahakama ilieneza uwasilishaji wa kesi kwa mtandao kote nchini. Nakala zimepungua, hilo halina ubishi. Lakini kila waraka unaowasilishwa kwa mtandao ukiwa na sahihi au muhuri lazima kwanza uskaniwe, na kinachouskani ni mashine ile ile iliyo pembeni mwa ofisi. Sehemu ya juu ya mashine sasa inachakaa kabla ya ile ya chini, hali ambayo zamani ilikuwa kinyume.

Kuhusu vyeti, aliyejifunza kazi kwa kuketi kando ya fundi mkubwa hana haja ya kuona haya. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kuanzia Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, na mwaka wa 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Anayetaka kusoma zaidi anacho Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichokuwa Mombasa Polytechnic kabla ya kupandishwa hadhi, papo hapo kisiwani.

Malipo nayo yana masharti mapya. Tangu Januari 2024, ofisi haiwezi kuhesabu gharama ya matengenezo katika kodi yake bila ankara ya eTIMS. Risiti ya kuandikwa kwa mkono, iliyomtosha fundi miaka yote, sasa humfanya mhasibu akunje uso. Mwishoni mwa 2024 sheria ilirekebishwa ili mnunuzi aweze kuitoa ankara hiyo kwa niaba ya mfanyabiashara mdogo, ila fundi asiye na nambari ya KRA bado atangoja fedha zake.

Limebaki suala ambalo mafundi wengi hulichukulia kijuujuu. Mashine nyingi kubwa za kisasa zina diski ya kuhifadhia data, ambayo huweza kubaki na picha za nyaraka zilizopita humo: hati za nyumba, vitambulisho, ripoti za daktari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka ofisi izilinde taarifa hizo. Fundi anayenunua mashine kuukuu ya wakili ili aichinje vipuri aifute diski hiyo kwanza mbele ya mwenyewe, na apewe maandishi kwamba imefutwa, kabla mashine haijatoka mlangoni.