Transjenda Kenya: Jinsi ya kumpata daktari atakayekutibu bila kukuaibisha

Foleni imesogea. Mhudumu wa mapokezi anaangalia kadi na kuita jina lililo kwenye kitambulisho, jina la kiume. Anayesimama amevaa rinda na kilemba. Benchi nzima inageuka. "Hii kadi ni ya nani?" mhudumu anauliza, tena kwa sauti.

Mgonjwa alikuja kwa sababu ya homa ya siku tatu. Anachukua mkoba wake, anaondoka.

Watu wengi wakisikia "afya ya transjenda" hufikiria upasuaji na homoni. Lakini transjenda huugua malaria, jino, presha na kisukari kama mtu mwingine yeyote, na wengi hukwama pale pale dirishani kabla hata ya kumwona daktari. Anayeondoka leo hurudi akiwa hali mbaya zaidi, au harudi kabisa.

Transjenda ni nani hasa?

Ni mtu ambaye jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa si ile anayojijua kuwa nayo. Si lazima awe amefanyiwa upasuaji wala kutumia dawa yoyote. Wapo pia wasiojiona kuwa mwanamume wala mwanamke.

Usiwachanganye na huntha, ambaye huzaliwa na maumbile yasiyolingana moja kwa moja na ya kiume au ya kike. Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu huntha 1,524. Transjenda hawakuwa na kisanduku chao kwenye fomu.

Na je, ni ugonjwa wa akili? Hapana. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuondoa utransjenda katika kundi la magonjwa ya akili kwenye orodha yake mpya, ICD-11, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Kwa hivyo daktari anayekuambia ukaombewe kwanza ndipo akutibu kifua, huo ni msimamo wake binafsi. Haujatoka kwenye vitabu vya udaktari.

Sheria inasema nini?

Hakuna kifungu cha sheria ya Kenya kinachosema kuwa transjenda ni kosa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaongeza heshima, faragha na usiri wa habari za mgonjwa. Maneno ni "kila mtu". Hakuna mabano yanayowatoa wengine.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani kumpa mwanaharakati Audrey Mbugua cheti kipya cha KCSE chenye jina lake na kisichoonyesha jinsia. Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa mwanamke transjenda fidia ya Sh1 milioni kwa namna alivyotendewa baada ya kukamatwa mwaka 2019, na kuitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Miongoni mwa malalamiko yake ni uchunguzi wa mwili ambao hakuukubali, wa kutafuta "jinsia yake halisi". Yaani vifaa vya hospitali viligeuzwa kuwa vya upelelezi.

Hata hivyo, hukumu haikai kwenye dirisha la mapokezi. Pale anakaa mtu, na huyo ndiye wa kupimwa mapema.

Piga simu kabla ya kupanda matatu

Ukiwa huna dharura, usiende kubahatisha. Piga simu, au mwombe rafiki apige, bila kutaja jina. Swali liwe la moja kwa moja: "Mmewahi kumhudumia mgonjwa transjenda? Jina analotumia likiwa tofauti na la kitambulisho, mnafanyaje?"

Sikiliza jibu, lakini sikiliza zaidi namna linavyotolewa. "Sijui, ngoja nimuulize daktari" ni jibu zuri kuliko watu wanavyodhani. Kicheko, kimya kirefu, au "hatuna mambo hayo hapa" ni ujumbe tosha, na umeupata kwa shilingi chache za simu.

Njia ya haraka zaidi ni kuuliza waliotangulia. Mashirika kama Jinsiangu na Transgender Education and Advocacy, au PEMA Kenya kwa walio Mombasa, yamefanya kazi na jamii hii kwa miaka, na ndani ya mitandao yao watu huambiana daktari gani ni mtu na yupi wa kuepukwa. Majina hayo huzunguka kimya kimya, kwa sababu daktari mwema naye anaweza kusumbuliwa. Ukipewa jina, usilibandike mtandaoni.

Kwa miaka mingi kimbilio kingine lilikuwa vituo vya huduma za HIV, maana WHO huhesabu transjenda katika makundi yaliyo hatarini zaidi. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, vituo vingi vya aina hiyo viliyumba na vingine vikafungwa. Waliozoea kuhudumiwa huko sasa wanapanga foleni moja na kila mtu.

Jina la faili na jina la kuitwa

Hapa kuna mtego mdogo. Bima ya SHA imefungwa kwenye namba ya kitambulisho. Ukitoa jina moja mapokezi na lingine maabara, majibu yako yanaweza kupotea au kuingia kwenye faili ya mtu mwingine. Ni afadhali jina la kitambulisho libaki kwenye faili, kisha uombe uitwe kwa jina lako, kwa jina la ukoo peke yake au kwa namba.

Kama hutaki kulieleza dirishani huku watu wakisikia, liandike kwenye simu na umwonyeshe mhudumu: "Jina la kitambulisho ni la zamani. Naomba mniite hivi." Inatosha.

Kiswahili chenyewe kinasaidia. "Yeye" haina jinsia, na "mgonjwa amefika" humtosha yeyote. Mambo huharibikia kwenye kaka, dada, mama na mzee. Muuguzi asiye na uhakika anaweza kuuliza tu, "Ungependa nikuite nani?"

Daktari asichofichwa

Ukishaingia chumbani, kuna siri zinazoweza kukuua. Ya kwanza ni homoni za kujinunulia. Wapo wanaomeza vidonge vingi vya kupanga uzazi ili wapate estrojeni. Aina ya estrojeni iliyo kwenye vidonge vingi vya namna hiyo huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, hasa kwa anayevuta sigara. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, hiyo ni dharura, na daktari lazima ajue unameza nini.

Spironolaktoni inaweza kupandisha potasiamu mwilini. Testosteroni huongeza chembe nyekundu za damu, tena haizuii mimba, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ndiyo maana wanaotumia homoni hupimwa damu mara kwa mara. Karatasi ya maabara nayo huwa na viwango tofauti vya damu kwa wanaume na wanawake, kwa hiyo mwanamume transjenda aliyeandikwa "mwanamke" anaweza kuonekana ana tatizo asilokuwa nalo. Mwambie daktari asome majibu akijua hilo.

La pili ni viungo. Mwanamume transjenda mwenye mlango wa kizazi anahitaji kupimwa saratani yake. WHO inapendekeza kuanzia miaka 30, au 25 kwa mwenye virusi vya HIV. Mwanamke transjenda bado ana tezi dume, hata baada ya upasuaji. Kinachopimwa ni kiungo kilichopo, haijalishi kadi imeandikwa nini.

Hiyo haimaanishi kila swali lijibiwe. Umeenda kung'oa jino, unaulizwa kama umefanyiwa upasuaji huko chini? Una haki ya kusema, "Daktari, hilo linahusiana vipi na jino?" Pia unaweza kukataa wanafunzi wa udaktari kuletwa kukutazama.

Mambo yakiharibika

Andika tarehe, saa, idara na jina lililo kwenye beji, siku hiyo hiyo. Anza na ofisi ya malalamiko ya hospitali. Daktari hushtakiwa kwa baraza la madaktari, KMPDC, muuguzi kwa Baraza la Wauguzi. Kama habari zako zimesambazwa, kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Huenda ikachukua muda, na si kila mtu ana nguvu ya kufuatilia. Hata hivyo, malalamiko yaliyoandikwa huacha alama kwenye faili ya mtu.

Kuna sehemu moja ya fomu ambayo watu huijaza haraka mno: jamaa wa karibu. Ukizimia, huyo ndiye atakayepigiwa. Akiwa ni ndugu asiyejua lolote, au anayejua na amekukataa, yeye ndiye atakayesimama kitandani akizungumza na madaktari kwa niaba yako. Mchague anayekujua kwa jina lako. Simu nyingi pia zina sehemu ya taarifa za dharura inayofunguka bila nywila. Weka humo namba yake, dawa unazotumia na jina unaloitwa.