Utafiti wa tiba uko mlangoni Kibuye: vijana wetu waingilie wapi?

Jumapili ndiyo siku soko la Kibuye, mjini Kisumu, hufurika watu. Kuna mitumba, omena, vitanda vya mbao na vyuma chakavu, na si ajabu ukimkuta anayekupimia shati ni kijana mwenye diploma ya maabara au uuguzi. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye barabara ya Kakamega, iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji hadi leo huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Ukitoka mjini kuelekea Busia utafika Kisian, kwenye kituo kikubwa cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Ukiendelea mbele utaingia Kombewa na hatimaye Siaya. Eneo hili lote ni miongoni mwa yale yaliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi wa tiba barani Afrika.

Wazazi huniuliza swali moja, wale walioko hapa Kisumu na wale wa nyumbani Mombasa na Lamu. Mtoto amemaliza KMTC, leseni anayo, kazi hakuna, afanye nini? Jibu moja ambalo wengi hawalifikirii ni utafiti wa tiba. Tumezoea kudhani kwamba utafiti ni wa maprofesa na wageni, na kwamba sisi kazi yetu ni kunyoosha mkono tutolewe damu. Sivyo hata kidogo. Ngazi ya kuingilia ipo na ina vidato vingi, hata cha mwenye diploma kimo. Shida ni mbili: habari zake hazitufikii mapema, na tangu mwaka 2025 vidato kadhaa vimetikisika. Ndiyo maana leo nataka tuipande ngazi hii pamoja, kidato baada ya kidato.

Tuanze na maana yenyewe. Utafiti wa tiba tunaouzungumzia ni ule unaofanywa kwa binadamu walioridhia, ili kujua kama dawa, chanjo au kipimo kinafaa na ni salama. Sehemu yake nyingine ni ile kazi ya kuitoa elimu maabara na kuifikisha kwenye kitanda cha mgonjwa, na kutoka hapo kwenye sera ya serikali. Ugunduzi uliobaki ndani ya chupa haujamtibu mtu.

Mifano haiko mbali. Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Kenya ilikuwa na vituo 3, na viwili kati ya hivyo vilikuwa upande huu wa ziwa, Kombewa na Siaya. Cha tatu kilikuwa kwetu Kilifi. Septemba 2019 chanjo hiyo ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya, na uzinduzi ulifanyika Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaipendekeza rasmi.

Mfano wa pili ni tohara. Sisi Waislamu twatahiri watoto wetu kwa sunna, lakini jamii ya Waluo haikuwa na desturi hiyo. Hapa Kisumu vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 walishiriki utafiti uliouliza kama tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Desemba 2006 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa jibu lilikuwa limejionyesha: maambukizi yalipungua kwa zaidi ya nusu. Matokeo yalichapishwa 2007, na mwaka uliofuata serikali ikaanza mpango wa tohara ya hiari.

Mfano wa tatu ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Utafiti wa KEN SHE, uliofanywa Kisumu, Thika na Nairobi kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, ulionyesha mwaka 2022 kwamba dozi moja tu inaleta kinga kubwa sana. Miongoni mwa waliouongoza wamo Wakenya, akiwemo Profesa Nelly Mugo wa KEMRI. Mwaka huohuo WHO ilikubali dozi moja kama njia mbadala. Fikiria nchi maskini inayoweza sasa kuchanja wasichana wawili kwa dozi zilizokuwa za mmoja.

Sasa hesabu watu waliofanya kazi hizo. Profesa ni mmoja au wachache. Chini yake wamo maafisa wa kliniki wanaowapima washiriki, wauguzi wanaochanja, mafundi wa maabara, wafamasia wanaotunza dawa za majaribio, washauri, waingiza takwimu, wafanyakazi wa nyanjani wanaowatembelea watu majumbani, madereva, na watu wa kuifafanulia jamii kinachofanyika. Wengi wao ni wa diploma na cheti. Anayezungumza Kidholuo, Kiswahili na Kiingereza ana faida kubwa kwa kazi ya kueleza na kuomba ridhaa, kwani mtu haridhii jambo asilolielewa.

Kidato cha kwanza basi ni kuwa tayari. Leseni yako kutoka baraza au bodi ya taaluma yako iwe hai. Kisha uwe na cheti cha kanuni za utendaji bora katika utafiti wa tiba, kinachojulikana kila mahali kwa herufi GCP. Bila cheti hicho huguswi kwenye majaribio ya dawa, hata kama una miaka 10 wodini. Mafunzo yake yapo mtandaoni bila malipo, kwa mfano kwenye kituo cha mafunzo cha The Global Health Network, mtandao wa Chuo Kikuu cha Oxford. Simu yenye data na siku chache za utulivu zinatosha. Toleo jipya la kanuni hizo za kimataifa lilipitishwa Januari 2025, kwa hiyo aliyesoma zamani arudie.

Kidato cha pili ni mafunzo ya kazini. KEMRI hupokea wanafunzi wa vyuo kwa mafunzo hayo. Kule Kilifi, mradi wa KEMRI na Wellcome, ulioanza 1989, una mpango wa miaka mingi wa kuwalea watafiti chipukizi, kuanzia wahitimu wapya wa shahada ya kwanza mpaka walio na uzamifu. Kijana wa Kisumu anaweza kuomba Kilifi, na wa Kilifi akaomba Kisumu. Ziwa na bahari zimeunganishwa na mbu yuleyule.

Kidato cha tatu ni shahada ya uzamili, na hapa ndipo wengi hukwama kwa ajili ya karo. Zijue njia hizi. Serikali ya Uingereza hudhamini masomo kupitia Tume ya Udhamini ya Jumuiya ya Madola, na mojawapo ya mipango yake humruhusu mtu kusoma kwa mbali huku akiendelea na kazi yake nyumbani. Hiyo yamfaa sana mama mwenye watoto. Shirika la Ujerumani la DAAD lina udhamini wa kusomea humu humu Afrika. TDR, programu ya WHO ya utafiti na mafunzo ya magonjwa ya nchi za joto iliyoanzishwa 1975, imekuwa ikilipia uzamili katika vyuo kama Ghana na Witwatersrand, hasa kwa wanaotaka kuchunguza kwa nini tiba nzuri haimfikii mtu wa kijijini. KEMRI nayo ina shule yake ya uzamili ya sayansi za afya, inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta.

Kidato cha nne ni uzamifu na kuendelea. Hapa wafadhili wakubwa ni watatu. Wa kwanza ni Wellcome ya Uingereza, ambayo huwapa watafiti wachanga mshahara na fedha za utafiti kwa miaka kadhaa. Wa pili ni ushirikiano wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, EDCTP, ulioanzishwa 2003 na sasa uko awamu ya tatu. Kwa miaka mingi, pamoja na TDR, umekuwa na nafasi ya kumpeleka mtafiti kwenye kampuni ya dawa au taasisi ya utafiti ili ajifunze jinsi jaribio linavyoendeshwa tangu mwanzo hadi mwisho, kisha arudi kwao. Wa tatu ni kituo cha Fogarty cha Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ambacho kina ruzuku za kuvifunzisha vyuo vya nchi zetu na nyingine ya kumsimamisha mtafiti mmoja awe kiongozi.

Waombaji wengi huanguka kwa jambo dogo. Mfadhili hampi pesa mtu mwenye akili tu, bali humpa mwenye swali. Usiandike kwamba unataka kutafiti malaria. Andika, kwa mfano, kwamba unataka kujua kwa nini akina mama wa mtaa fulani huleta mtoto kwa chanjo 3 za mwanzo kisha hawarudi kwa ile ya 4, na utalijuaje jibu, kwa muda gani na kwa shilingi ngapi. Swali kama hilo muuguzi wa Manyatta analijua kuliko profesa wa London, kwa kuwa yeye ndiye anayewapigia simu akina mama hao. Tafuta pia mlezi, mtafiti aliyekutangulia ambaye atakubali kuandika barua. Na ujue mapema kwamba utafiti wowote wahitaji idhini ya kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI, na ukiwa ni wa kujaribu dawa, ruhusa ya Bodi ya Famasia na Sumu. Anayeonyesha kwamba anazifahamu hatua hizi huonekana mtu wa kazi.

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kabla mwaka haujafika mwisho shirika la USAID lilikuwa limevunjwa. Mei 1 mwaka huohuo NIH ikatangaza kwamba haitatoa tena ruzuku kwa ule mtindo wa zamani, ambapo chuo cha Marekani hupokea fedha kisha humgawia mshirika wake wa nje, hadi utaratibu mpya uwekwe. Mji kama Kisumu, ambao sehemu kubwa ya utafiti wake umejengwa juu ya ushirika na Wamarekani, hauwezi kukosa kuumia. Mkataba wa mfanyakazi wa utafiti hufuata uhai wa mradi. Mradi ukifa, dereva, muuguzi na mwingiza takwimu hurudi nyumbani siku moja.

Je, kijana aache? La. Lakini asitegee nyavu zake zote kwa mfadhili mmoja, na sisi wananchi tudai haki yetu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti, na ikataka serikali iipatie kila mwaka asilimia 2 ya pato la taifa. Kiasi hicho hakijawahi kufikiwa. Wabunge wetu, wa ziwa na wa mwambao, hupigania barabara na maji, na ni vyema. Ni nani kati yao aliyesimama bungeni kuuliza ile asilimia 2 iko wapi? Watoto wetu walichomwa sindano ili ulimwengu upate chanjo. Si ombi kubwa kutaka kaka na dada zao wasomeshwe kuendesha utafiti unaofuata, kwa fedha za nchi yao.

Na serikali za kaunti zina la kufanya lisilogharimu mabilioni. Muuguzi wa kaunti akipata nafasi ya masomo apewe ruhusa ya likizo bila kuzungushwa, na akirudi awekwe mahali elimu yake itatumika. Tumeona wengi wakirudi na shahada kisha kupangiwa zamu zilezile za zamani, mpaka wakakata tamaa na kwenda Uingereza au Ghuba.

Tahadhari moja, ndugu msomaji. Palipo na nafasi matapeli hawakosi. Mfadhili wa kweli hakuombi utume pesa kwa M-Pesa ili akushikie nafasi, wala hatumii barua pepe ya ovyo. Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya taasisi husika ukasome tangazo, na uangalie tarehe ya mwisho, kwani mara nyingi muda huwa mfupi.

Nina ombi pia kwa maimamu, wachungaji na viongozi wa vikundi vya akina mama. Tangazo la mazishi na harambee hufika kila nyumba kwa sababu mnalisoma. Soma na hili. Kila taasisi niliyoitaja hapo juu hutangaza nafasi zake hadharani. Kijana mmoja wa msikiti au kanisa apewe kazi ya kuzipitia kila mwezi na kuziandika kwa Kiswahili chepesi kwenye ubao wa nje. Elimu ni faradhi, na kuijulisha njia yake ni sadaka isiyohitaji mfuko mnono.

Na wewe mwenye diploma, anza na leseni na cheti cha GCP wiki hii, kabla ya tangazo kutoka. Likitoka hutakuwa na muda.