Mkaguzi wa ujenzi si adui yako

Juma hili nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye wengi wetu tunapojenga humwona kama mla fedha za bure. Huyo ni mhandisi anayekuja kukagua kazi.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mawazo hayo. Nilipojenga nyumba yangu ya ghorofa moja, siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu vibarua walikwisha fika, mashine ya kuchanganyia imekodiwa na kokoto zimelipiwa. Mhandisi akapanda ngazi, akainama, akapima nafasi za nondo, kisha akasema neno moja: "Bado."

Nondo zilikuwa zimelalia mbao, bila vijitofali vya kuzinyanyua. Zege likimwagwa hivyo, chuma hubaki wazi upande wa chini, hushika kutu, na zege huanza kumeguka. Fundi alinung'unika: "Mzee, sisi tunajenga hivi miaka yote." Nilipoteza siku mbili na ujira wa vibarua. Nilikasirika, siwafichi.

Leo namshukuru. Nondo zikishafunikwa, hakuna jicho litakaloziona tena. Ndiyo maana ukaguzi hufanywa kabla: mtaro wa msingi ukiwa wazi, nondo zikiwa zimesukwa. Zege lenyewe nalo hupimwa. Huchukuliwa vipande vya mchemraba, vikapondwa maabara baada ya siku 7 na siku 28.

Gharama ya kupuuza tunaijua. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la biashara lilianguka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Mchuuzi na mteja wake hawachagui mhandisi wa jengo wanamoingia. Kwa hiyo mkaguzi, ingawa analipwa na mwenye jengo, anamlinda hata mpita njia.

Sasa, umchagueje?

Kwanza, uliza namba yake ya usajili, kisha uihakikishe kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Muhuri mtu yeyote anaweza kuuchonga.

Pili, usikubali mkaguzi anayeletwa na fundi au mkandarasi wako. Anayekaguliwa hawezi kujichagulia mkaguzi. Mtafute mwenyewe na umlipe mwenyewe.

Tatu, mwombe akuonyeshe majengo yanayofanana na lako aliyoyasimamia. Nenda, zungumza na wenyewe.

Nne, andikianeni ni hatua zipi atakazofika kuona kwa macho yake, na kila anapofika aache maelezo yenye sahihi. Anayekagua kwa simu hajakagua.

Tano, mwogope asiyepata kusema hapana. Bei yake itakuvutia, lakini wahenga walisema rahisi ni ghali.

Wala usidhani kibali cha halmashauri kinatosha. Kibali hupitisha mchoro. Hakipandi ngazi kuhesabu nondo.

Basi msikilizaji, mhandisi wako akisema "bado" huku vibarua wamesimama na mabeleshi mikononi, meza hasira yako, mpe kiti, umsikilize. Watoto wako watalala chini ya zege hilo.

Kwaheri mpaka juma lijalo.