Tumbawe si Jiwe

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui kina chake. Methali hiyo ilinijia siku moja maji yalipokuwa yamekupwa, nilipowachukua wanafunzi wangu wachache kwa mashua ya sakafu ya kioo kutoka ufuo wa Bamburi kwenda kuutazama mwamba. Karibu nasi ilikuwapo mashua nyingine. Mgeni mmoja, miwani usoni na mrija wa kupumulia mdomoni, alichoka kuogelea, akasimama wima juu ya tumbawe na kuwapungia wenzake mkono ili wampige picha. Nahodha wake alimwona, akanyamaza. Tuliporejea pwani, mwanafunzi wangu mmoja alimwamkia mzee yule, kisha akamuuliza kwa adabu kwa nini hakumkataza mgeni wake. "Mwanangu," akajibu, "mgeni akinuna, mimi na wanangu tutakula nini?"

Sikuthubutu kumlaumu. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: adabu ya baharini ni ya nani, na ni nani mwenye wajibu wa kuifundisha?

Sisi walimu wa lugha twafahamu kwamba Kiswahili kina namna yake ya kuuheshimu uhai. Husema samaki huyu, pweza yule, jongoo wa pwani ametambaa. Tumbawe, hata hivyo, tumeliweka upande wa mawe: tumbawe hili limevunjika. Wala si ajabu. Mababu zetu waliyajua matumbawe kwa kuyajengea na kuyachoma wapate chokaa. Kuta za Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni za mawe ya matumbawe. Na kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi mwaka 1954, kimechimba matumbawe ya kale yaliyokwisha kugeuka mwamba wa nchi kavu. Aliyelizoea tumbawe ukutani hataona haya kulikanyaga majini.

Kumbe tumbawe lililo hai ni mji wa wanyama wadogo mno wanaojijengea nyumba za chokaa. Ndani ya miili yao huishi vijimea vinavyotumia mwanga wa jua kuwatengenezea chakula. Yako matumbawe ya mviringo ambayo hukua takriban sentimita 1 tu kwa mwaka. Basi nanga inayobomoa sentimita 20 kwa dakika moja imeifuta kazi ya miaka 20. Aidha, bahari ikipata joto kupita kiasi, vijimea hivyo hutoweka, tumbawe likawa jeupe, na joto likidumu, likafa. Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 1998, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipoangamia. Joto lilirudi mwaka 2016, na mwaka 2024 wanasayansi wakatangaza kuwa ulimwengu umeingia katika wimbi la nne la maafa hayo. Joto la bahari nzima haliko mikononi mwa nahodha wa Bamburi. Nanga na nyayo ziko.

Adabu yenyewe si ngumu. Mpiga mbizi huelea, hasimami juu ya mwamba. Huweka mapezi yake ya mpira mbali na matumbawe, asiyapige wala kutimua mchanga ukayafunika. Haokoti dondo wala kiti cha pwani awe kumbukumbu ya safari. Hawatupii samaki mkate, kwa maana samaki aliyezoea kuombaomba huweza kuacha kazi yake ya kula mwani unaoyasonga matumbawe. Azamaye na mtungi wa hewa hazami peke yake, wala hamwachi mwenzake. Mombasa neno "mzamia" hutukumbusha kijana aliyejificha melini ili asafiri bila nauli. Mtu anayeifaidi bahari pasipo kuilipa heshima yake ana tofauti gani na mzamia huyo?

Liko pia suala la haki. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilipotangazwa mwaka 1986, wavuvi wa Nyali na Bamburi ndio waliotakiwa kuyaacha maji waliyoyavua baba zao. Mwaka 2001 Serikali ilipiga marufuku juya na bunduki za kuchomea samaki. Sheria hizo zina hekima yake, na mwamba uliopumzishwa huonyesha neema kwa wingi wa samaki. Ila mvuvi anayevua ndani ya mipaka ya hifadhi hukamatwa, ilhali mgeni aliyevunja tumbawe la miaka 20 hupigwa picha akitabasamu. Sheria inayombana mwenyeji na kumlegezea mgeni haiwezi kuheshimiwa na yeyote kati yao.

Hapa sisi wana-lugha tuna hatia. Kiswahili tunachowapa wageni ni cha kuwabembeleza tu: jambo, karibu, hakuna matata. Hatujawafundisha "usikanyage" wala "usiguse". Tumeidhani kazi ya mwenyeji kuwa ni kukubali. Ukarimu wa Waswahili haukuwa hivyo; mgeni alikaribishwa ndani, lakini viatu alivivua mlangoni, na hakuna aliyeona kwamba ametukanwa. Nahodha na awaambie wageni masharti kabla ya kung'oa nanga, na manahodha wote wayaseme yale yale, ili mkali asipoteze riziki kwa mlegevu. Wenye hoteli nao wayaseme mapema, ili mzigo wote usimwangukie maskini mwenye mashua.

Shule nazo zina wajibu. Wako wanafunzi wengi wa Changamwe, Likoni na Kisauni waliozaliwa wakisikia mawimbi ambao hawajawahi kuuona mwamba kwa macho yao. Mwalimu wa Changamwe anaweza kuanzia kwenye mikoko ya vijito vilivyo jirani, ambamo samaki wengi hulelewa wakiwa wachanga, na kuwaonyesha wanafunzi kwamba taka itupwayo mferejini humo safarini kuelekea baharini. Mwalimu wa Kiswahili naye awape insha, awatume kwa wavuvi wakakusanye majina ya samaki na ya pepo kabla hayajasahaulika. Kijana aliyelijua jina la kitu huona uchungu kikiharibiwa.

Sipendekezi tubadili sarufi na kusema "tumbawe huyu". Lugha haiendeshwi kwa amri ya wahadhiri. Ninachotaka ni kwamba siku mwanafunzi wetu atakapokuwa nahodha, aweze kumwambia mgeni, kwa upole na bila hofu ya kukosa chakula cha wanawe: "Samahani bwana, teremka hapo. Umesimama juu ya kiumbe."