Mto Uliotangulia Milima

Sisi tunaosoma jiografia tumezoea kufundishwa kwamba mto hufuata bonde, na ukikuta mlima huuzunguka. Basi nilipoutazama mto South Nahanni katika ramani ya Kanada ya kaskazini nilidhani mchoraji amekosea, kwa maana unapasua milima katikati, tena kwa kujipindapinda kama nyoka mchangani. Mchoraji hakukosea. Mto ule ni mzee kuliko milima yenyewe.

Hapo kale ulikuwa ukipita polepole juu ya nchi tambarare, ndiyo sababu ulijipinda. Kisha ardhi ikaanza kuinuka kidogo kidogo kwa muda wa mamilioni ya miaka. Bila shaka mmekwisha mwona mwenye duka akikata mche wa sabuni kwa waya. Fikirini sasa waya umekazwa mahali pamoja, na sabuni ndiyo inayosukumwa juu kutoka chini: itakatika vile vile. Kadiri mawe yalivyoinuka, mto uliyakata bila kuiacha njia yake ya zamani, na leo kuta za Korongo la Kwanza zimesimama kiasi cha mita 1,000 juu ya maji.

Makorongo hayo yako manne, nayo yamehesabiwa kinyume. La Kwanza ndilo la mwisho kwa maji yateremkayo, kwa kuwa wageni waliolihesabu walikuja na mitumbwi kutoka chini, wakipanda. Kati ya la kwanza na la pili lipo Bonde la Wafu. Mwaka 1908 yalionekana humo mabaki ya ndugu wawili, Willie na Frank McLeod, waliokwenda kutafuta dhahabu, na ikavuma kwamba vichwa havikuwapo. Habari hiyo imeuza magazeti mengi. Mimi naona kuta zenyewe zastaajabisha zaidi.

Mto hutoka milimani karibu na mpaka wa Yukon, ukaenda zaidi ya kilometa 500 mpaka mto Liard, na maji yake huishia Bahari ya Aktiki kwa njia ya mto Mackenzie. Juu ya Korongo la Nne yako maporomoko ya Virginia, ambayo Wadene, wenyeji wa nchi ile, huyaita Náįlįcho. Huanguka kama mita 90, karibu mara mbili ya Niagara. Korongo la Nne ni kazi yao: yameula mwamba wa chokaa yakirudi nyuma hatua kwa hatua.

Penye maporomoko kama hayo mhandisi huona taa. Miaka ya 1960 yalitolewa mashauri ya kuyatumia kwa umeme. Mwaka 1970 Waziri Mkuu Pierre Trudeau aliusafiri mto huo kwa mtumbwi, na mwaka 1972 serikali ikatenga nchi ile iwe hifadhi. Mwaka 1978 UNESCO iliitia katika orodha yake ya kwanza ya urithi wa dunia, mahali 12 tu, pamoja na kisiwa cha Gorée cha Senegal na milima ya Simien ya Ethiopia.

Sisemi mabwawa ni mabaya. Nimesoma usiku mwingi kwa taa ya umeme wa maji, nami sina haki ya kuyalaumu. Lakini maji matupu hayakati jiwe upesi. Meno yake ni mchanga na changarawe, na hivyo hutuama nyuma ya ukuta wa bwawa. Mto ungebaki, kazi yake ingepungua.

Tena bwawa si hatari pekee. Kando ya kijito cha Prairie Creek ulijengwa mgodi wa zinki, risasi na fedha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kampuni ikafilisika mwaka 1982 kabla ya kuanza kazi. Hifadhi ilipopanuliwa mwaka 2009 hata kufikia kama kilometa za mraba 30,000, mgodi uliachwa katikati yake kama kisiwa, nje ya mipaka. Kijito hicho huingia mtoni katika lile Bonde la Wafu, juu kidogo ya Korongo la Kwanza.