Mbwa wa kufundishia uhifadhi: Mbwa koko wa Songea anatosha

WAKULIMA wa Mkoa wa Ruvuma wanaishi jirani na wanyamapori kuliko wakulima wa mikoa mingi nchini. Kutoka Songea kuelekea Namtumbo na Tunduru ipo shoroba inayounganisha eneo la Selous, ambalo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na Hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji. Tembo, nyati, simba na mbwa mwitu hupita humo, na njia yao hugusa mashamba ya mahindi na tumbaku.

Kwa sababu hiyo, elimu ya wanyamapori ni sehemu ya uchumi wa kijiji. Jumuiya za uhifadhi kama Mbarang'andu iliyopo Namtumbo na Nalika ya Tunduru hutegemea wanyama hao kwa mapato. Chuo cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, hufundisha askari wa wanyamapori wa vijiji, na mashuleni zipo klabu za Malihai.

Anayetoa elimu hiyo hutamani kuwa na mnyama hai wa kuonyesha, kwani picha ukutani haivuti watu kama kiumbe kinachopumua. Kwa kuwa kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wazo linalokuja haraka ni kutafuta mbwa wa kufugwa anayefanana na mbwa mwitu. Hapo ndipo fedha nyingi zinaweza kupotea, na somo lenyewe likapotoka.

Jina moja, wanyama wawili

Tatizo la kwanza lipo kwenye jina. Katika Biblia ya Kiswahili na katika hadithi nyingi zilizotafsiriwa kutoka Ulaya, mnyama anayeitwa mbwa mwitu ni yule wa nchi za baridi: manyoya mazito ya kijivu, masikio yaliyochongoka na mkia wa kichaka. Mnyama huyo hajawahi kuishi Ruvuma. Mbwa anayefanana naye ni kama German Shepherd, ambaye wengi wamezoea kumwita mbwa wa polisi, au Husky wa Siberia.

Mbwa mwitu wa Afrika ni mnyama mwingine kabisa. Ana madoa meusi, ya manjano na meupe, masikio makubwa ya mviringo, na mkia ambao mara nyingi ncha yake ni nyeupe. Mbwa wote wa kufugwa, awe koko au wa kizungu, asili yao ni mbwa mwitu wa nchi za baridi. Mbwa mwitu wa Afrika yuko katika ukoo wake wa peke yake na hazaliani na mbwa wa kufugwa.

Kwa hiyo, mwalimu akisimamisha German Shepherd mbele ya wanafunzi na kusema mbwa mwitu yuko hivi, watoto watarudi nyumbani na sura ya mnyama ambaye hawatamwona maishani. Siku wakikutana na yule wa kweli njiani kuelekea shambani, hawatamtambua.

Mbwa koko anaweza kufundisha tofauti hiyo vizuri zaidi, kwa sababu kila mtoto anamjua. Mwalimu amwinue mguu wa mbele na kuwahesabisha watoto vidole: mbwa wa kufugwa ana vidole vitano, kimoja kikiwa juu kidogo bila kugusa ardhi. Mbwa mwitu wa Afrika ana vinne tu. Kisha aweke picha ya mbwa mwitu pembeni na kulinganisha masikio, rangi na mkia. Somo hilo halihitaji mbwa wa bei kubwa.

Hesabu ya gharama

Bei ya kununulia mtoto wa mbwa ni mwanzo tu wa gharama. Mbwa koko wa kilo 15 anahitaji takriban kilokalori 800 za chakula kwa siku. Mbwa wa kilo 35 anahitaji karibu 1,600. Tukipima nguvu hiyo kwa unga wa dona peke yake, wa kwanza angetumia kilo 80 hivi kwa mwaka na wa pili kilo 160. Maana yake ni kwamba mmoja hamalizi gunia la kilo 100, na mwingine anavuka gunia moja na nusu. Ugali pekee hautoshi, wote wanahitaji pia dagaa au mabaki ya nyama, na hapo pia mkubwa hula karibu mara mbili.

Hali ya hewa nayo ina gharama yake. Mji wa Songea upo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na Juni na Julai kuna baridi, lakini ukishuka kuelekea Tunduru joto ni kali. Husky ana manyoya ya tabaka mbili yaliyoumbwa kwa ajili ya theluji. Aidha, katika mapori ya miombo kuna mbung'o wanaoeneza nagana, ugonjwa unaoua mbwa kama unavyoua ng'ombe, na kupe nao wana magonjwa yao. Mbwa wa kigeni asiyezoea mazingira hayo huugua upesi.

Wapo pia chotara wa mbwa na mbwa mwitu wa nchi za baridi, mfano wale walioanza kuzalishwa Czechoslovakia mwaka 1955. Hao wasifikiriwe kabisa kwa kazi ya kukutana na watoto. Wengi huwa waoga kwa wageni, na nchini Marekani hakuna chanjo ya kichaa cha mbwa iliyosajiliwa rasmi kwa ajili ya chotara wa namna hiyo.

Uzoefu wa majirani unaonyesha kuwa mbwa wa kienyeji si wa kudharauliwa. Nchini Namibia, shirika la kuhifadhi duma lilianza mwaka 1994 kuwagawia wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki ili walinde mbuzi na kondoo. Mbwa hao walifanya kazi nzuri. Lakini Botswana, watafiti walipowapima mbwa wa kienyeji kwa kazi hiyo hiyo, waliona wanalinda vizuri na ni nafuu kuwatunza.

Hatari iliyo kubwa kuliko bei

Mbwa anayetembezwa kijiji hadi kijiji anaweza kubeba ugonjwa. Katika Serengeti, makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa yalitoweka mwaka 1991, baada ya kichaa cha mbwa kuthibitishwa katika baadhi yake. Mwaka 1994, ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini walitajwa kuwa chanzo. Huko Mkomazi, distempa hiyo hiyo iliua mbwa mwitu 49 kati ya 52 waliokuwa wakizalishwa kwenye uzio, kati ya mwishoni mwa mwaka 2000 na mwanzoni mwa 2001.

Makadirio ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa mbwa mwitu wa Afrika waliobaki duniani ni takriban 6,600, na eneo la Selous lina moja ya makundi makubwa zaidi. Mwalimu wa uhifadhi anayeingia shorobani na mbwa asiyechanjwa anaweza kuua wanyama anaowatetea.

Binadamu naye yumo katika hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Shirika hilo linaeleza kuwa asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, maambukizi hukatika.

Namna ya kuchagua

Kwa kazi ya elimu, ni vema kuchagua mbwa mtu mzima wa miaka miwili hadi minne ambaye tabia yake inajulikana, badala ya kubahatisha kwa mtoto wa mbwa. Mnunuzi amwendee nyumbani alikolelewa, bila taarifa ikiwezekana, na kuangalia anavyompokea mgeni. Mbwa anayefaa hutazama, hunusa kisha hutulia. Anayerukia watu hafai, na anayejificha uvunguni hafai pia, kwani mbwa mwoga huuma akibanwa. Angusha sufuria hatua chache kutoka alipo: akishtuka kisha akaja kunusa, ni dalili njema.

Akilazimika kuchukua mtoto wa mbwa, asimtenge na mama kabla ya wiki nane, na amwone mama mwenyewe. Kuanzia hapo hadi wiki ya 14 mtoto huyo azoeshwe watu, pikipiki, mbuzi na kelele za shule. Mbwa anayejulikana kwa kuwinda porini aachwe, hata akiwa mpole kwa watu, kwa sababu hugusana na wanyamapori na hurudi na minyoo na magonjwa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kadi ya chanjo na kumwona ofisa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Aulizie pia ya distempa, dawa ya minyoo na ya kupe. Mbwa ahasiwe ili asizurure.

Siku ya mafunzo mbwa afungwe kamba, apewe maji na kivuli, na watoto wamsogelee wawili wawili. Akichoka aondolewe. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona kama mbwa atakufa.

Kikundi chenye fedha za kununua mbwa wa kizungu kinaweza kumtumia mbwa koko mpole, na kiasi kinachobaki kikalipia chanjo za mbwa wa kijiji kizima. Wanakijiji watakaoleta mbwa wao siku ya chanjo ndio wanafunzi wenyewe, na somo la vidole vinne na vitano linaweza kutolewa hapo hapo kwenye foleni.