Kutafuta Upepo Unaovuja Katika Breki za Basi

Kila aliyepata kusafiri kwa basi kubwa ameisikia ile sauti ya "pshii" dereva anaposimamisha gari. Sauti hiyo si ya ugonjwa. Ni upepo uliokwisha kufanya kazi yake, nao unatokea mahali palipowekwa utokee. Lakini iko sauti nyingine, nyembamba, isiyokoma hata dereva akiisha kuzima injini na kushuka. Hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa, na jinsi fundi anavyoifuata mpaka akapata itokako.

Kwanza yafaa tujue upepo unafanya kazi gani. Injini huendesha kompresa, nayo hushindilia upepo katika mitungi ya chuma iliyofungwa chini ya gari. Mitungi ikijaa, geji huonyesha kama paundi 120 kwa kila inchi ya mraba, yaani bar 8 na kidogo, na kompresa huacha kusukuma. Dereva akikanyaga breki, upepo hupita katika mabomba mpaka kwenye chemba iliyo karibu na gurudumu, ukasukuma kiwambo cha mpira, nacho kikasukuma fimbo inayobana breki. Akiondoa mguu, upepo ule hutoka nje.

Breki ya mkono ni kinyume chake, na hapa wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Ndani ya chemba za nyuma mna springi nene, nayo ndiyo inayobana. Kazi ya upepo ni kuirudisha springi nyuma ili gari liweze kwenda. Upepo ukipungua sana, springi hunyooka na magurudumu hufungwa. Wazo hili si geni. Breki ya upepo ya treni aliyoitoa George Westinghouse wa Marekani mwaka 1869 ilikuwa na kasoro moja kubwa: bomba likipasuka, treni hukosa breki. Mwaka 1872 akaigeuza, ikawa bomba likipasuka breki hujifunga zenyewe.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, upepo ukivuja kidogo kuna hatari gani? Hatari zipo mbili. Ya kwanza, springi haingoji mpaka mitungi iwe mitupu. Upepo ukipungua, huanza kubana pole pole huku gari likienda, breki zikasugua na kupata moto, na breki iliyopata moto sana haishiki vizuri. Ya pili ni mteremko. Katika barabara tambarare kompresa huweza kufidia kinachovuja, wala dereva asijue. Lakini akiteremka Kitonga au Sekenke, akawa anakanyaga na kuachia, kanyaga achia, kila mara hutumia upepo mwingine, na mwishowe kompresa hushindwa. Kengele ya hatari hulia geji ikifika karibu na paundi 60, na pengine mteremko bado ni mrefu.

Sasa tutafuteje? Watu wengi huanza kwa kupita na spana wakikaza kila nati wanayoiona. Kazi hiyo haina maana, tena huharibu, kwa kuwa nati iliyokazwa kupita kiasi huponda kile kipete cha shaba kilicho ndani yake, na pasipovuja huanza kuvuja. Afadhali kuanza na geji na saa.

Gari liwe mahali tambarare, na magogo yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Injini iendeshwe mpaka mitungi ijae, kisha izimwe. Breki ya mkono iachiliwe, mguu usiguse kitu, na geji itazamwe kwa dakika moja. Madereva wa magari makubwa huko Marekani hufundishwa kwamba gari lisilo na tela lisipoteze zaidi ya paundi 2 katika dakika hiyo. Kisha dereva akanyage breki kwa nguvu na kushikilia. Geji itashuka kidogo mara moja, na hilo si neno. Baada ya hapo ihesabiwe dakika nyingine, na upotevu usizidi paundi 3.

Vipimo hivi havisemi tu kwamba upepo unavuja, bali husema pa kutafuta. Ukipotea wakati mguu umekanyaga tu, shuku viwambo vya chemba na mipira iendayo magurudumuni. Ukipotea breki ya mkono ikiwa imeachiliwa, na kukoma ikifungwa, shuku upande wa springi, maana huko upepo huingia breki hiyo inapoachiliwa tu. Ukipotea wakati wote, tazama mitungi, bomba la kompresa, milango, na mito ya hewa ikiwa basi linayo. Mabasi mengi yana geji mbili au mishale miwili. Ule unaoshuka ndio unaoonyesha upande wenye kasoro.

Upo mtego mmoja ambao umewala fedha watu wengi. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu ambayo mafundi huiita rilei. Upepo ukitoka katika tundu lake la chini bila kukoma, mwenye gari huambiwa rilei imekufa, akanunua mpya, ikafungwa, na sauti ikabaki vile vile. Mara nyingi ugonjwa haumo humo. Mpira unaotenga springi na breki ya mguu, ndani ya chemba, umechakaa. Upepo unapenya, unarudi nyuma katika bomba, na kutokea kwenye rilei. Njia ya kujua ni kufunga breki ya mkono. Sauti ikikoma, rilei ni nzima na chemba ndiyo mbovu. Lakini chemba hiyo isifunguliwe na asiyejua, maana springi iliyobanwa ndani huweza kuruka na kuua mtu.

Pakishajulikana upande, ndipo huja maji ya sabuni. Sabuni ya kufulia yatosha, na brashi laini. Futa vumbi na mafuta kwanza, paka, kisha ngoja: palipotoboka kidogo hutoa povu taratibu, na mwenye haraka hupapita. Tazama hasa pale bomba linaposugua chuma, na pale mpira unapojipinda kila gurudumu linapogeuka. Mtu asiingie chini ya basi lenye mito ya hewa kabla halijaegemezwa juu ya stendi imara, kwani upepo ukiisha basi hushuka.

Njiani wengine hukunja bomba linalovuja na kulifunga kwa waya ili safari iendelee. Kweli sauti hukoma na geji hupanda, lakini gurudumu lile halina tena breki ya mguu, na basi likisimama ghafula huvutwa upande mmoja.

Kazi ikiisha, vipimo vile viwili hurudiwa tangu mwanzo. Tena dereva aandike geji inasoma nini jioni anapolaza gari, na aitazame alfajiri kabla ya kuwasha injini.